Bafle mbili za hi-fi za kujitengenezea Lubumbashi: kutoka kuchagua spika hadi kuziweka sebuleni

Bafle (boksi la spika) ya bar na bafle ya sebuleni ni kazi mbili tofauti. Ile ya bar za komini za Kenya au Kamalondo hapa mjini imejengwa ili besi ivuke barabara. Ukiileta kwenye chumba cha mita nne kwa nne, besi inafunika kila kitu, maneno ya mwimbaji hayasikiki vizuri, na lile gita kavu la Katanga la miaka ya 1950 linageuka mvumo mtupu. Tunachotengeneza hapa ni bafle mbili ndogo za kusikilizia: kila moja ina wufa (spika ya besi) ya inchi 6.5, twita (spika ya sauti za juu) ya kuba laini, boksi lililofungwa bila tundu, na krosova (saketi inayogawia spika hizo mbili sauti) utakayoifunga mwenyewe.

Ukienda kwa seremala na kumwambia unataka bafle, atakuuliza kwanza: "Papa, boksi la ukubwa gani?" Jibu la kweli ni kwamba bado hujui. Kila wufa ina namba zake, na namba hizo ndizo zinazopanga lita za boksi. Kunakili boksi la jirani kisha kutafuta spika ya kujaza tundu ndiyo sababu bafle nyingi za mtaani zinanguruma badala ya kuimba.

Kuchagua wufa

Hesabu tunazotumia zilitoka Australia. Neville Thiele alichapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walionyesha kwamba tabia ya spika kwenye besi inaelezwa na namba chache, na tatu kati yake zinatosha kuanzia. Fs ni masafa ambayo koni hutetemeka yenyewe kwa urahisi zaidi, kwa Hz. Qts inaonyesha jinsi koni inavyodhibitiwa: ikiwa ndogo koni inatii sumaku, ikiwa kubwa inajichezea. Vas ni ujazo wa hewa, kwa lita, wenye ulaini sawa na ule wa mpira na kitambaa vinavyoshika koni.

Kwa boksi lililofungwa tafuta wufa yenye Qts kati ya 0.35 na 0.5. Iwe ya omu 8, kwa sababu amplifaya nyingi ndogo hupumua vizuri zaidi kwenye omu 8, na kwa sababu wufa za gari ambazo zimejaa sokoni ni za omu 4 na mara nyingi Qts yake ni kubwa mno. Wufa ikija na karatasi ya kiwanda yenye namba hizo tatu, nzuri. Ikija na kibandiko cha wati 1000 peke yake, kibandiko hicho hakikuambii chochote kuhusu sauti. Angalia badala yake vitu vinavyoshikika: fremu ya alumini iliyosubuliwa au bati nene, mpira wa ukingoni ulio laini, na koni inayoingia na kutoka bila kukwaruza unapoisukuma taratibu kwa vidole vyote vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo hata mdogo, irudishe mezani.

Nunua zote mbili siku moja, dukani kwa mtu mmoja, za kundi moja. Kuhusu pesa, mimi naweka zaidi ya nusu ya bajeti kwenye spika zenyewe. Mbao nzuri haijawahi kuokoa wufa mbaya.

Twita ni rahisi zaidi. Chukua ya kuba laini la hariri au kitambaa, inchi moja, omu 8, yenye Fs isiyozidi 1,200 Hz. Zile za piezo za plastiki ziache kwa bafle za bar.

Kupima mwenyewe

Kama hakuna karatasi, au huiamini, vifaa vya kupimia ni vichache: simu yenye programu ya kutoa toni, amplifaya, multimeta, rezista ya omu 1,000 na nyingine ya omu 10. Unganisha rezista ya omu 1,000 mfululizo na wufa, wufa ikiwa imeshikwa wima hewani, mbali na meza na ukuta. Kwanza weka ile ya omu 10 mahali pa wufa, piga toni ya 100 Hz kwa sauti ndogo, soma volti za AC juu yake na uziandike. Rudisha wufa bila kugusa kitufe cha sauti. Sasa kila volti unayosoma juu ya wufa, igawe kwa ile uliyoandika kisha zidisha kwa 10: hiyo ni impidansi ya wufa (ukinzani wake kwa toni hiyo) kwa omu.

Shuka na toni kutoka 150 Hz kuelekea 20 Hz. Volti zitapanda hadi kileleni kisha zishuke. Masafa ya kileleni ndiyo Fs. Tuseme umepata kilele cha omu 54 kwenye 40 Hz, na multimeta ikiwa kwenye omu inasoma 6 kwenye waya za wufa; hiyo ya pili ni Re. Gawa 54 kwa 6, unapata 9, na kipeuo chake cha pili ni 3. Zidisha Re kwa 3: omu 18. Tafuta masafa mawili, moja chini ya kilele na moja juu yake, ambapo impidansi ni omu 18. Tuseme ni 26 na 61. Hakikisha kwanza: 26 mara 61, kipeuo cha pili, ni kama 39.8, karibu sawa na Fs, kwa hiyo vipimo vinaaminika. Tofauti ya 61 na 26 ni 35. Qms (udhibiti wa mpira na kitambaa peke yake) ni 40 × 3 ÷ 35, yaani 3.43. Igawe kwa ile 9: Qts ni 0.38.

Vas unaipata kwa boksi la majaribio la lita 10, hata la mabaki ya mbao, mradi halivujishi hewa. Funga wufa, tafuta kilele kipya. Kikiwa 74 Hz, chukua 74 ÷ 40, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha zidisha kwa 10. Inatoka karibu lita 24.

Hewa ya Lubumbashi si ile ya karatasi

Hapa ndipo miongozo mingi ya nje inatuacha. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 87 au 88, wakati karatasi za viwanda huandikwa kwa 101. Ugumu wa hewa iliyofungwa ndani ya boksi unafuata shinikizo moja kwa moja: hewa yetu ni laini kwa karibu asilimia 13. Maana yake Vas iliyoandikwa kwenye karatasi uizidishe kwa 0.87 kabla ya kuiingiza kwenye hesabu. Kwa walioko Bukavu au Goma, ambao wako karibu mita 1,500, punguza kwa karibu asilimia 16.

Kwa hiyo karatasi ikisema lita 28, hapa tunafanya kazi na lita 24. Ukipima mwenyewe kwa boksi la majaribio huna haja ya kurekebisha chochote, maana umeshapima na hewa hii hii. Fs na Qts hazibadiliki kiasi cha kukusumbua. Sauti yenyewe inapungua karibu desibeli 1 ukilinganisha na pwani, jambo ambalo kitufe cha amplifaya kinamaliza.

Kutoka namba hadi boksi

Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani, alionyesha kwa bafle ya AR-1 kwamba boksi dogo lililofungwa linaweza kutoa besi ya kweli, kwa kuiacha hewa ya ndani iwe springi ya koni. Nakushauri ufuate njia hiyo kwa bafle zako za kwanza. Boksi lenye tundu hushuka chini zaidi, lakini kosa dogo la lita au la urefu wa bomba linasikika mara moja. Lililofungwa husamehe.

Lengo letu ni Qtc (Qts ya wufa ikiwa ndani ya boksi) ya 0.7, pale besi inaposhuka taratibu bila uvimbe. Gawa 0.707 kwa Qts (0.38): unapata 1.86. Zidisha kwa yenyewe: 3.46. Toa 1: 2.46. Lita 24 gawa kwa 2.46 ni karibu lita 10. Masafa ya boksi yatakuwa 40 × 1.86, yaani 74 Hz. Chini ya hapo besi inapungua polepole, na kuta za chumba zitaisaidia.

Juu ya lita 10 ongeza lita moja na nusu kwa ajili ya sumaku ya wufa, krosova na kipande cha kuimarisha. Vipimo vya ndani vinavyonipendeza ni upana sm 18, kimo sm 32, kina sm 20: lita 11.5. Usitengeneze boksi la pande sawa. Mawimbi ya ndani yatalingana na kuongezeana.

Anayetaka tundu kwa vyovyote vile, hii ndiyo hesabu ya urefu wa bomba kwa sentimeta: zidisha 23,562.5 kwa kipenyo cha ndani cha bomba kilichozidishwa kwa chenyewe, gawa kwa masafa unayotaka yaliyozidishwa kwa yenyewe na kwa lita za boksi, kisha toa kipenyo mara 0.732. Wufa yetu ingetaka kama lita 20 na 40 Hz. Bomba la sm 5 linatoka na urefu wa sm 14.7. Masafa ya bomba hayategemei mwinuko.

Mbao

MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) ya mm 18 inakatika vizuri na haina fundo, ila ikinyonya maji inavimba na hairudi. Ukiitumia, paka kingo zote zilizokatwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, iache ikauke, kisha piga msasa. Tripleksi nzuri ya mm 18 inavumilia zaidi mvua za Novemba hadi Machi, na mimi ningeichagua hiyo. Ikague kwa pembeni: tabaka ziwe nyingi na zisiwe na mapengo, kwani pengo ndani ya tripleksi linapiga kelele lake lenyewe.

Mbao nzima, hata mulombwa mzuri, usiitumie kujengea boksi lote. Kati ya mvua na kiangazi inapanuka na kusinyaa, viungo vinafunguka na hewa inavuja. Iache kwa kupamba kingo.

Kwa bafle mbili unahitaji vipande hivi:

- 4 vya sm 21.6 × 35.6 (mbele na nyuma)
- 4 vya sm 20 × 35.6 (ubavuni)
- 4 vya sm 18 × 20 (juu na chini)

Nusu ya ubao mzima wa sm 122 × 244 inatosha na inabaki mbao ya vipande vya kuimarisha. Kata kwa seremala mwenye msumeno wa meza. Mwambie asihamishe kizuizi cha msumeno mpaka vipande vyote vya kipimo kimoja viishe. Vikitofautiana hata milimita moja, kona hazitaziba.

Wufa iwe chini na twita juu, vitovu vyake viachane sm 14 au 15. Twita iizamishe ili uso wake ulingane na mbao. Kwa ruta ni kazi ya dakika chache, kwa patasi ni kazi ya asubuhi nzima. Tundu la wufa pima kwenye wufa yenyewe, si kwenye karatasi. Upande wa ndani wa tundu hilo uchonge mshazari, maana mbao ya mm 18 nyuma ya koni inaibana pumzi ya wufa.

Gundi ya kutosha, visi au klampu, kisha gundi tena kwa kidole kwenye kila kona ya ndani. Weka kipande cha mbao cha sm 2 × 4 kati ya ubavu na ubavu, si katikati kabisa bali juu kidogo au chini kidogo. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole kabla na baada ya kukiweka; utasikia tofauti. Nyuma ya wufa jaza pamba ya poliesta ya kujazia mito, iliyochambuliwa, ikichukua kama theluthi mbili ya boksi bila kushindiliwa. Kwa mpira wa kuzibia chini ya fremu ya spika, champreri (mpira wa ndani) ya baiskeli iliyokatwa mviringo inashinda vingi vya dukani.

Krosova: hapa mji wetu una bahati

Krosova inapeleka besi na sauti za kati kwa wufa, na za juu kwa twita. Tutatumia aina ya Linkwitz-Riley, iliyoelezwa mwaka 1976, ya ngazi ya pili, ikigawa kwenye 2,500 Hz. Kwa omu 8 hesabu inatoa koili ya 1 mH (milihenri) na kapasita ya 4 µF (mikrofaradi) kila upande. Upande wa wufa koili inakaa mfululizo na kapasita inakaa sambamba na wufa. Upande wa twita ni kinyume: kapasita mfululizo, koili sambamba.

Kuna marekebisho mawili. La kwanza: masafa ya juu yanasukumwa mbele na ubao wa mbele wa boksi, ya chini yanazunguka boksi na kutawanyika. Kwa ubao wa sm 21.6 mgawanyiko uko karibu 530 Hz (gawa 115 kwa upana kwa mita). Usipolishughulikia sauti inakuwa kali na nyembamba. Tunaongeza koili ya wufa kutoka 1 mH hadi 1.5 mH, ili sauti za kati zishuke kidogo na besi ionekane. La pili: impidansi ya wufa hupanda juu na kuiharibia krosova hesabu. Weka sambamba na wufa rezista ya omu 7.5 iliyofungwa mfululizo na kapasita ya 10 µF. Hiyo ni kwa wufa yenye Re ya omu 6 na induktansi ya karibu 0.6 mH.

Sasa koili. Za dukani zinaagizwa mbali na ni ghali. Lakini Lubumbashi ni mji wa migodi na pampu, na mafundi wa kubobina mota wanao waya wa shaba wenye vanishi kwa kilo. Omba waya wa mm 1. Fundi atachomoa spuli, atapitisha ukucha juu ya waya akitafuta mahali vanishi ilipochubuka, kisha atapima kwenye mizani. Usikubali waya uliotolewa kwenye mota iliyoungua: vanishi yake imeshakufa na mizunguko itagusana.

Tengeneza kiini cha plastiki au mbao chenye kipenyo cha sm 3 na nafasi ya sm 2.5 kati ya mashavu mawili. Kwa 1 mH zungusha mara 190; inakula mita 23 na nusu, uzito kama gramu 165, na ukinzani wa nusu omu. Kwa 1.5 mH zungusha mara 227, kama mita 29 na nusu. Vuta waya bila kulegeza, kila mzunguko ulale kando ya mwenzake, mizunguko 22 kwa tabaka. Mwisho wa kila tabaka andika hesabu kwenye karatasi, maana mtu akikusalimia katikati utapotea. Ukimaliza funga kwa kamba za plastiki na upake vanishi. Fundi wa mota mwenye mashine ya kuhesabu atakufanyia zote nne kwa saa moja, na ni rahisi kumlipa. Bisibisi, msumari au bati lisikae karibu na koili. Chuma kinabadilisha thamani yake.

Kapasita ya 4 µF nayo ipo karibu. Feni za dari na mota ndogo za friji hutumia kapasita za polipropileni za 400 V na zaidi, zile zinazobaki kwenye mzunguko wakati mota inafanya kazi. Ni imara na zinafaa kabisa kwa twita. Nunua mpya, maana za zamani hupoteza ujazo, na pima kwa multimeta yenye kipimo cha kapasita. Zile za kuanzishia mota, pipa jeusi lenye µF nyingi, ni aina nyingine na hazifai. Kapasita iliyotolewa kwenye mashine yoyote itoe chaji kwanza kwa rezista, usiiguse mikononi.

Twita karibu zote zina nguvu kuliko wufa, hasa baada ya kuiteremsha wufa kwa ajili ya ubao. Kwa twita ya desibeli 90 na wufa inayofanya kazi karibu 84, punguza desibeli 6: rezista ya omu 3.9 mfululizo na ya omu 8.2 sambamba na twita, zote za simenti za wati 10, zikikaa kati ya krosova na twita. Krosova nayo inaendelea kuona omu 8.

Panga vyote kwenye ubao mdogo, koili mbili zikiwa zimetengana angalau sm 10, moja ikilala na nyingine ikisimama, ili zisizungumze. Kwangua vanishi kabla ya kulehemu. Waya wa shaba unaong'aa ndio unaoshika lehemu. Jaribu krosova ukiwa umeiacha nje ya boksi kwa waya mrefu. Kuifungia ndani mapema ni kujitafutia kazi ya kufungua visi mara kumi.

Kuwasha mara ya kwanza

Betri ya 1.5 V ikigusishwa kwenye wufa kwa sekunde moja itaisukuma koni nje au kuivuta ndani. Ikitoka nje, waya uliokuwa kwenye chanya uwe chanya, na uwe hivyo kwa bafle zote mbili. Usiifanye kwa twita. Kabla ya kuunganisha amplifaya yoyote isiyojulikana, pima volti za DC kwenye matundu yake ya spika bila muziki: zikizidi milivolti 50, itafutie fundi kwanza.

Kwa krosova hii twita hufungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Hesabu inasema hivyo, lakini kina cha koni kinaweza kubadilisha mambo, kwa hiyo hakikisha. Peleka bafle uani, iweke juu ya kiti mbali na kuta, simu kwa mita moja kwenye kimo cha twita. Piga toni ya 2,500 Hz kwa sauti ndogo, soma kiwango kwenye programu ya kupima desibeli, kisha geuza waya za twita na usome tena. Mfungo unaotoa sauti kubwa zaidi ndio sahihi. Kama tofauti ni ndogo, desibeli mbili tu, kuna kitu hakilingani, na mara nyingi ni thamani ya koili.

Uvujaji wa hewa unaujua kwa kuisukuma koni ndani taratibu na kuiachia. Ikirudi kwa uvivu, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, tafuta kona au tundu la waya linalopumua.

Mwenye kompyuta na maikrofoni ya kupimia atumie Room EQ Wizard, ni ya bure, na VituixCAD nayo ya bure kwa kupanga krosova. Ukizizoea, utashangaa jinsi thamani zangu zinavyoweza kuboreshwa kwa asilimia 10 au 20 kulingana na spika zako. Asiye navyo asikilize sauti ya mtu anayemjua akisoma, iliyorekodiwa kwa simu nje, si muziki kwanza. Herufi s zikichoma masikio, panda kutoka omu 3.9 hadi 4.7. Zikififia, shuka hadi 3.3.

Chumbani

Nyumba zetu za matofali ya kuchoma na sakafu ya simenti zinarudisha kila kitu. Zulia kati yako na bafle na pazia nzito dirishani vitabadilisha sauti kuliko waya wowote wa bei. Weka twita kwenye kimo cha masikio ukiwa umekaa, bafle zitenge mita 2 hivi, na wewe ukae umbali huo huo kutoka kila moja. Zisukume nyuma kuelekea ukuta mpaka besi ijae, kisha zirudishe mbele sm 10 inapoanza kunguruma. Kona za chumba ziepuke.

Nguvu haihitajiki sana. Bafle ya desibeli 84 ikipewa wati 10 inafika 94 kwa mita moja, na hiyo sebuleni ni kubwa. Amplifaya ndogo ya dijitali ya 12 V hadi 24 V, wati 20 kila upande, inatosha na inaendelea kufanya kazi kwa betri ya sola pale SNEL, kampuni ya umeme, ikikata. Umeme ukirudi na kishindo ni afadhali amplifaya iwe imezimwa, kwa hiyo izoeshe familia kuibonyeza mara taa zinapozimika.

Kiangazi cha kwanza kikiisha, kaza visi vya wufa nusu mzunguko tu, kwa bisibisi ya mkono. Champreri itakuwa imelala kidogo, na ukikaza kwa drili utaikunja fremu.